Pua kwanza, macho mwisho

Uso wa kwanza niliouchonga ulitisha. Macho yalikuwa juu, karibu na nywele, kama ya chura anayechungulia kutoka majini. Pua ilikwisha kabla haijaanza. Mdomo ulikuwa mkato mmoja ulionyooka, mfano wa tundu la kutumbukizia sarafu kwenye kibubu. Ilikuwa Julai, nimekaa barazani Peramiho na sweta mwilini kwa sababu ya baridi, na kwa saa tatu nzima nilikuwa nimegeuza kipande kizuri cha mjakaranda kuwa kitu ambacho mke wangu aliapa hakitalala ndani ya nyumba yake.

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Nadhani aliyeyasema hayo alikuwa tayari fundi.

Jirani yangu ni seremala wa rika la baba yangu. Nilimwamkia, akaitika marahaba, kisha akakichukua kijiti changu na kukigeuzageuza kwenye mwanga bila kucheka, jambo ambalo namshukuru mpaka leo.

“Umeanza na macho,” akasema. Hakuwa anauliza.

“Ndiyo, mzee.”

“Kila anayejifunza huanza na macho, kwa sababu tukiongea na mtu tunamtazama machoni. Lakini mti haujui hayo, mwanangu. Mti unataka pua kwanza.”

Makala haya ni matunda ya sentensi hiyo moja. Ni kwa ajili ya yule ambaye hajawahi kushika kisu cha kuchongea, ambaye ana kipande cha mti, jioni mbili tatu za wikiendi, na hamu ya kuona uso wa mtu ukitokea mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Mahali ambapo patasi si ngeni

Peramiho ipo kilomita zipatazo 24 kutoka Songea mjini, ukishika barabara ya Mbinga. Wamisionari Wabenediktini waliingia hapa mwaka 1898 wakiongozwa na Padri Cassian Spiss. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilipofika huku Ungoni, misheni ilichomwa moto, na Spiss, ambaye wakati huo alikwisha kuwa askofu, aliuawa mwaka huohuo akiwa safarini. Baadaye misheni ilijengwa upya ikakua: hospitali, kiwanda cha uchapaji, seminari, na pembeni yake karakana. Watu wengi nje ya Ruvuma wanaijua Peramiho kwa hospitali yake au kwa vitabu vyake. Mafundi wanaijua kwa karakana. Sauti ya randa na harufu ya mbao mbichi ni sehemu ya mji huu kama kengele za abasia ya Wabenediktini hao zilivyo sehemu yake.

Wamisionari waliokuja na patasi za karakana hiyo walitoka kwenye milima yenye mila ndefu ya kuchonga nyuso. Spiss alizaliwa Tyrol, Austria, ambako vinyago vya mti huvaliwa kwenye sherehe za majira ya baridi. Shirika lake lilikuwa na makao St. Ottilien, katika Bavaria, jimbo lenye kijiji kinachoitwa Oberammergau, ambacho kwa karne nyingi kimechonga misalaba na watakatifu.

Upande wa pili, ukiufuata mto Ruvuma kuelekea mashariki unafika kwa Wamakonde, ambao wana kinyago chao kiitwacho lipiko, au mapiko wakiwa wengi. Lipiko huchongwa kwa mti mwepesi kwa sababu huvaliwa kichwani, na mchezaji huona njia kupitia mdomo wa kinyago. Hubandikwa nywele za kweli, na chale za usoni huchorwa kwa nta. Si vya kutisha tu: kuna mapiko yanayomwigiza mzee wa kijiji, mgeni, Mreno, mtu aliyewahi kuonekana. Mchongaji wa lipiko alikuwa mtazamaji wa watu kwanza.

Peramiho imekaa katikati ya mila hizi mbili, na zote zinakubaliana katika jambo moja ambalo mimi nilikuwa silijui: uso ni milima na mabonde kabla haujawa na macho.

Kijiti, kisu na kinoo

Achana na mpingo kwa sasa. Ndio mti wa sifa, lakini ni mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini, na utakukatisha tamaa kabla ya kukufundisha. Tafuta mti laini wenye nyuzi zilizonyooka: mjakaranda, mwembe, msufi, au mabaki ya mbao nyepesi kwa fundi wa jirani. Usione haya kuchonga mwembe. Wachongaji wa Kikamba nchini Kenya, mpingo ulipoanza kuadimika, waliingia kwenye mwarobaini, mjakaranda na mwembe, na watalii wakaendelea kununua.

Kipande chako kiwe mraba, sentimeta 4 kwa 4, urefu 25. Kisiwe na moyo wa mti ndani yake, kile kiduara cha katikati ya shina, kwa sababu hapo ndipo nyufa huanzia. Kama mti ni mbichi, paka nta au rangi kwenye ncha zote mbili, uuweke kivulini ukauke taratibu. Ukiuanika juani unauharakisha kupasuka.

Kisu kiwe kifupi, makali yasiyozidi sentimeta 5. Mafundi wengi hujitengenezea kwa kipande cha msumeno wa chuma kilichofungwa kwenye mpini wa mti. Ukiwa na bobari ndogo, yaani ile patasi ya ncha ya mviringo, ni vizuri, lakini kisu kimoja kinatosha uso wa kwanza. Kisichotosha ni kisu butu. Kisu butu hudai nguvu, na nguvu ndiyo inayokata vidole. Noa kwenye kinoo chenye maji, malizia kwa kuburuta makali kwenye mkanda wa ngozi, kisha jaribu kukata ncha ya mbao kinyume cha nyuzi. Mkato ukiachwa unang'aa, kisu kiko tayari. Ukiachwa na michirizi myeupe, rudi kwenye kinoo.

Kanuni ya mikono ni hii: mkono unaoshika mti uwe nyuma ya makali, siku zote. Usichonge kwenye mapaja. Funga kijiti kwenye jiriwa, au kikandamize kwenye ukingo wa meza, au mkono wa kushikia uvae glovu ya ngozi. Mimi nina alama kwenye kidole gumba cha kushoto inayothibitisha kwamba niliisikia kanuni hii wiki moja baada ya kuihitaji.

Alama sita

Sasa siri ya kwanza ya seremala. Usichonge uso kwenye upande bapa wa kijiti. Chonga kwenye kona. Kona ya kijiti cha mraba tayari imechongoka kama pua, na pande zake mbili tayari zinarudi nyuma kama mashavu. Nusu ya kazi imefanywa na msumeno.

Chukua penseli. Juu ya kona, anzia utosini, pima sentimeta 10 kushuka chini. Hicho ndicho kichwa chote. Sehemu iliyobaki ni mpini wa kushikia. Weka alama kwenye sentimeta ya 1, ya 4, ya 5, ya 7, ya 8 na ya 10, kisha kila alama izungushe kwenye pande zote mbili za kona.

Sentimeta ya 1 ni mwanzo wa nywele. Ya 4 ni nyusi. Ya 5 ni macho. Ya 7 ni chini ya pua. Ya 8 ni mstari wa mdomo. Ya 10 ni kidevu.

Angalia namba hizo vizuri. Kutoka nywele hadi nyusi ni 3, kutoka nyusi hadi chini ya pua ni 3, kutoka hapo hadi kidevu ni 3. Na macho yako katikati kabisa ya kichwa. Hapo ndipo chura wangu alipozaliwa: mwanafunzi husahau fuvu, akadhani uso unaishia kwenye paji, akayapandisha macho juu. Huamini? Weka ncha ya kidole gumba kwenye kidevu na ya kidole cha shahada katikati ya macho, kisha upandishe kipimo hichohicho kutoka machoni kwenda juu. Utafika utosini.

Bila shaka hakuna binadamu aliyezaliwa na rula. Kuna wenye paji pana, kuna wenye kidevu kirefu. Lakini lazima kwanza ujue katikati ni wapi ndipo ujue mtu ametoka katikati kwa kiasi gani.

Kutoka mlimani kwenda bondeni

Anayesafiri kutoka Peramiho kwenda Mbinga huziona ngoro za Wamatengo: mashimo yaliyopangwa mteremkoni, kila moja likizungukwa na tuta. Mkulima hajengi tuta kwa kuleta udongo kutoka mbali. Anachimba shimo, tuta linatokea. Uso wa mti ni ngoro tupu. Pua haichongwi, inabakizwa. Unachochonga ni mashimo yaliyoizunguka.

Anza na mashimo mawili kwenye kona. La kwanza liwe kwenye mstari wa macho: kata moja kwa moja kuingia ndani kiasi cha nusu sentimeta, kisha shuka kutoka kwenye paji kuja kukutana na mkato huo, kipande kidogo kitoke. Halafu tokea ncha ya pua, panda kuelekea machoni, upunguze mwamba wa pua uteremke mpaka kwenye bonde hilo. La pili liwe chini ya pua, kwenye sentimeta ya 7: kata moja kwa moja kuingia, kisha tokea mdomoni upande kukutana na mkato. Ukimaliza, kitazame kijiti kwa ubavu. Hakina jicho, hakina mdomo, lakini ni mtu. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilikiweka chini nikainuka kutembea kidogo.

Siri ya pili: kisu kiende siku zote kutoka mlimani kwenda bondeni. Nyuzi za mti zimelala kwa urefu kama nyasi zilizofungwa mganda. Ukikata kutoka juu kushuka unazikata. Ukikata kutoka bondeni kupanda unaziinua, zinapasuka, na pua nzima inaweza kuondoka kama kigae. Mti ukianza kukwaruza na kung'oka badala ya kukatika, usiongeze nguvu. Geuza kijiti, uje kutoka upande wa pili.

Baada ya hapo ondoa mti pande mbili za pua, kuanzia kwenye kona za macho kushuka mashavuni. Hapa vitabu vingi vya uchongaji vitakuambia upana wa pua ni sawa na upana wa jicho moja. Vitabu hivyo vimeandikwa na watu waliokuwa wakiwatazama jirani zao. Nawe watazame wako. Kaa stendi ya Peramiho nusu saa, daladala moja ikijaza abiria, uhesabu pua. Kisha acha pua yako iwe pana kuliko unavyodhani inafaa, maana pua hupunguzwa, haiongezwi.

Mdomo ni mviringo

Kosa langu la tundu la sarafu lilitokana na kusahau meno. Meno yamepangwa kwa duara, na midomo imelalia duara hilo. Kwa hiyo usikate mstari wa mdomo kwanza. Kwanza lainisha eneo lote kati ya pua na kidevu liwe kama nusu ya yai iliyolazwa. Ndipo uchore mstari juu ya yai, nao utajikunja wenyewe kurudi nyuma pande zote mbili.

Mdomo wa juu huinama kuingia ndani, kwa hiyo huwa kivulini. Wa chini hutokeza na kupokea mwanga. Ukiupata mwanga huo, uso unaanza kupumua. Kona za mdomo zichimbe kidogo zaidi kuliko katikati. Chini ya mdomo acha kibonde, kisha kidevu kitokeze tena. Ukitaka uso utabasamu, usihangaike kupindisha kona za mdomo peke yake, bali inua mashavu. Mtu anayecheka kwa mdomo tu sote tunamjua, na hatumwamini.

Sasa macho

Kwenye mabonde mawili yaliyo pande za pua usichonge jicho kwa kuchora. Acha kifundo cha mviringo katika kila bonde, kama punje ya njugu mawe iliyozama nusu ardhini. Jicho ni mpira, na kope ni nguo iliyofunika mpira. Mchongaji anayesahau mpira huishia na picha ya jicho iliyobandikwa shavuni.

Chora mstari wa kope ya juu, mpindo mkubwa, na wa kope ya chini, mpindo mdogo. Kata mistari yote miwili kwa wima, kina kidogo sana. Kwenye kila kona ya jicho ondoa pembetatu ndogo kwa mikato mitatu, na vivuli vya pembetatu hizo ndivyo vitakavyolifanya jicho lionekane limezama ndani ya kope. Kisha punguza mpira kidogo juu na chini, ili kope zibaki zimetokeza. Ukichora mboni, kope ya juu iifunike kidogo. Mboni ikionekana duara zima, umemchonga mtu aliyeona nyoka.

Kwa nini macho yawe mwisho? Kwa sababu jicho ni dogo na halisamehe. Pua ukiikosea unaweza kusogeza uso mzima nyuma kwa milimeta mbili na kuanza tena. Jicho ukilikosea baada ya pua kukaa sawa, umekosea milimeta moja tu. Lakini ukilianza jicho kabla hujajua bonde litaishia wapi, kila kitakachofuata kitalazimika kulitii kosa hilo.

Kila baada ya dakika kumi, fanya mambo matatu. Peleka kijiti dirishani, mwanga uje kwa ubavu. Kigeuze kichwa chini miguu juu. Kisha kitazame kwenye kioo. Jicho lako limekwisha kuzoea upungufu wa kazi yako kama mzazi alivyozoea wa mwanawe, na kioo ni jirani asiye na huruma. Masikio, kwa uso wa kwanza, yafiche. Mvike mtu wako kofia au kilemba. Siku utakapoyachonga, kumbuka hukaa kati ya mstari wa nyusi na wa chini ya pua, nyuma zaidi kuliko unavyodhani.

Msasa uje mwisho, na kwa kiasi. Wanaoanza hupenda kusugua mpaka uso unakuwa kama sabuni iliyoogewa wiki nzima. Alama za kisu ni sauti ya mkono wako. Lainisha mashavu, acha nywele na nguo na mikato yake.

Kutazama ndiko kuchonga

Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, anatajwa kama mwanzilishi wa biashara kubwa ya vinyago ya Wakamba. Alifika Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akawaona wachongaji wa huku, na aliporudi kwao akaanza kuchonga kwa ajili ya kuuza. Hakupewa cheti na mtu. Aliona, akakumbuka. Kuhusu Samaki Likankoa, Mmakonde aliyeanzisha mtindo wa shetani mjini Dar es Salaam katika miaka ya 1950, husimuliwa kwamba sanamu yake ilivunjika mkono naye badala ya kuitupa akaendelea na umbo lililobaki. Naye alitazama: si alichotaka mti uwe, bali mti ulivyokuwa.

Nyumbani Songea, neno “uso” lina uzito wake. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na inaaminika kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kukitafuta. Katika Makumbusho ya Maji Maji mjini Songea zimo sanamu za mashujaa wa vita ile, na wajukuu husimama mbele yake wakitafuta mfanano wa taya au paji. Watu walionyang'anywa kichwa cha babu yao hawahitaji kuelezwa kazi ya mchongaji ni nini.

Kwa hiyo uso wako wa pili au wa tatu usiwe wa “mtu” tu. Uwe wa fulani. Bibi yako, ambaye kope zake za juu zimelala. Mjomba ambaye pua yake mnaifahamu ukoo mzima. Utagundua kwamba mtu uliyekula naye maisha yako yote hujawahi kumtazama: hujui kama midomo yake imelingana, hujui nyusi zake zinaishia wapi. Utaanza kumkodolea mezani mpaka aulize kulikoni. Hapo ndipo ujifunzaji unapoanza, na kisu kikiwa bado kwenye ala.

Uso wangu wa nne nilimpelekea seremala kabla ya ibada ya Jumapili. Alikipeleka kijiti kwenye mwanga, akakigeuza kichwa chini, akapitisha kidole gumba kwenye mwamba wa pua kutoka juu kushuka.

“Huyu nimewahi kumwona,” akasema.

Sikumwambia ni yeye.

Kijiti cha kwanza hakikutupwa. Seremala alikikataza kuingia motoni, akasema kipande cha mjakaranda hakina kosa lolote. Kiko mlangoni pa jiko, kimekuwa kabari ya kuzuia mlango usijifunge kwa upepo, na kila asubuhi mke wangu akikiweka mahali pake huhakikisha uso umeelekea ukutani.